Dhiraa Moja ya Ukuta Mtupu

Kila mwaka, juma moja kabla ya Pasaka, Apolonia Drewnik aliishusha picha ya Bikira Maria kutoka ukutani, na kila mwaka alikuta lipu imeanguka tena.

Ilikuwa ikianguka mahali pamoja tu, kwenye ukuta unaotazamana na mlango wa mbele. Palikuwa na mraba, upana wake sawa na urefu wake, ambao haukukubali kuvishwa. Marehemu mumewe, Seweryn, alikuwa fundi lipu, na mji mzima wa Zalesko uliujua mkono wake. Kuta alizolainisha yeye ungeweza kupitisha shavu usikwaruzike. Lakini mraba ule ulimshinda. Alichanganya mchanga wa mtoni, akachanganya na saruji, siku moja akatia hata manyoya ya ng'ombe kama mafundi wa zamani. Kiangazi lipu ilishika. Baridi ilipoingia ikaanza kupumua, ikavimba, na kabla ya theluji kuyeyuka ilikuwa imelala sakafuni, nyeupe, kama mtu aliyejinyoosha kupumzika.

"Hayo matofali yamekula chumvi," Seweryn alikuwa akisema. Kisha akicheka, "Au yamekula ukaidi."

Mwishowe alitundika picha mbele yake, wakaendelea na maisha. Sasa Seweryn alikuwa na miaka sita kaburini, na Apolonia, mwenye umri wa miaka sabini na moja, alikoroga chokaa mwenyewe kwenye ndoo, akapaka yale matofali matupu kwa brashi, huku akisali rozari kwa sauti ndogo. Alipofika fumbo la tatu alihisi kwamba kuna mtu nyuma yake anasubiri amalize. Akageuka. Mlango ulikuwa wazi, na ukungu wa mto ulikuwa umepanda hadi kizingitini, ukasimama pale kama mgeni asiyejua kama amealikwa.

Alirudisha picha mahali pake. Tangu aolewe humu ilikuwa imepita miaka arobaini na tisa. Humu alizaa, humu alifiwa, na humu alikuwa amekwisha kuchagua kitanda atakachofia, kile cha chumba cha mbele, karibu na jiko la makaa. Hakuwa na kingine cha kutaka duniani.

*

Juma la pili baada ya Pasaka, halmashauri iliita watu kwenye ukumbi wa zimamoto. Habari ilikuwa moja: jiwe la kumbukumbu. Miaka mingi iliyopita, Julai ya kwanza baada ya Vita Kuu ya Pili, Wayahudi kumi na mmoja waliuawa katika Mtaa wa Wafinyanzi. Walikuwa wametoka kambi za Wanazi na misituni, mifupa mitupu, wakarudi kwao na kukusanyika katika nyumba moja. Siku hiyo msichana mmoja wa Kikristo alipotea. Uvumi ukapita sokoni kwamba wamemchinja kwa ajili ya damu yake. Watu wakaenda na vyuma na magogo. Jioni msichana akapatikana juu ya dari ya zizi, amelala ndani ya majani makavu, na nywele zake zimejaa vumbi.

Zalesko yote iliijua habari hiyo, na Zalesko yote ilisema kwamba nyumba yenyewe iliungua zamani, mwaka wa mafuriko. Mahali pake palikuwa pamekuwa maegesho ya magari. Jiwe lingewekwa pale, kati ya mti wa mlozi mwitu na mashine ya tiketi. Kila mtu aliafiki. Diwani Walenty Drewnik, shemeji yake Apolonia, ndiye aliyesoma azimio ambalo lingepigiwa kura Alhamisi.

"Ni mahali pazuri," alisema Walenty. "Hapamsumbui mtu."

Ndipo mwanamke mmoja mgeni akasimama nyuma. Alikuwa mzee, mfupi, amevaa koti la mvua la kijani. Alijitaja: Tauba Zonszajn, kutoka Buenos Aires. Kipolandi chake kilikuwa cha kizamani, cha maneno ambayo Apolonia aliyasikia mara ya mwisho kwa bibi yake mzaa mama.

"Samahanini, jamaa," alisema. "Nyumba ile ilikuwa ya babu yangu. Baba yangu alikuwa na miaka kumi na saba siku ile. Aliruka dirisha la nyuma, akaangukia magugu yanayowasha, akapona. Hakuwahi kukumbuka namba ya nyumba. Alinipa alama moja tu. Alisema, ukiingia mlangoni, ukutani mbele yako utaona mraba usio na lipu. Matofali matupu. Je, kuna anayeijua nyumba ya namna hiyo?"

Mtu mmoja alikohoa. Fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi na Seweryn alitazama viatu vyake kana kwamba vimeandikwa kitu.

"Mama," alisema Walenty kwa upole, "nyumba zetu nyingi hazina lipu. Ukitaka matofali matupu, njoo kwangu, nitakuonyesha choo."

Watu walicheka, wakashukuru kupata cha kucheka. Mgeni naye alitabasamu, akakaa. Apolonia hakucheka. Kiwiko cha Walenty, aliyekuwa amesharudi kwenye kiti kando yake, kilikuwa kimemgusa ubavuni, mara moja, taratibu.

Nje alimshika mkono. "Shemeji, nisikilize. Leo anataka kuona ukuta. Kesho atautaka ukuta. Keshokutwa anataka nyumba, na wewe utakwenda kulala wapi? Kwangu? Mke wangu anakupenda sana, lakini mkutanapo kanisani."

"Sijasema kitu, Walenty."

"Ndivyo ninavyokupendea."

*

Mchana ule alijilaza bila kuvua viatu, na usingizi ukamchukua kama maji yanavyochukua jani.

Aliona wamekaa kwenye meza yake. Walikuwa kumi na mmoja, wote wamevaa makoti mazito, ingawa dirishani ilikuwa Julai na nyuki walikuwa wakiimba kwenye maua ya mti wa mlindeni. Hawakuwa na damu. Hawakuwa na hasira. Walikaa kama watu wanaosubiri treni ambayo imeshatangazwa kuchelewa. Mwanamke mmoja alikuwa akihesabu vifungo vya koti la mtoto. Mzee mmoja mrefu aliinua macho, akamuuliza Apolonia kwa adabu kabisa, kama mpangaji anavyomuuliza mwenye nyumba:

"Mama, tunaruhusiwa kutoka sasa?"

Alitaka kumjibu. Lakini alikuwa ameshika brashi ya chokaa, na chokaa ilikuwa imejaa kinywani mwake.

Alipoamka, mwanga wa saa tisa ulikuwa umelala juu ya meza tupu. Alisukuma viti vyote chini ya meza, kimoja kimoja. Kisha akapiga magoti mbele ya picha.

"Mama wa Mungu," alisema, "mimi ni mzee. Usinitake nitoke humu."

Pembeni mwa fremu, punje ndogo ya chokaa iliachia, ikaanguka.

Apolonia alifunga kitambaa chake cha kichwa, akatoka.

*

Alimkuta Tauba kwenye maegesho. Alikuwa amesimama kati ya magari mawili, na kijitabu cha sala mkononi. Alikuwa akisogea hatua moja kushoto, anasimama, anasogea tena kulia.

"Umepoteza kitu, mama?" Apolonia aliuliza.

"Nataka kuwaombea," alisema Tauba. "Lakini sijui niweke wapi miguu yangu. Hapa? Pale kwenye mstari wa manjano? Baba yangu miaka yote alisali akiwa ameelekea upande wa Zalesko, huko kwetu, upande wa pili wa bahari. Alikuwa na uhakika wa upande. Mimi nimefika, na sina uhakika."

Apolonia alitazama mstari wa manjano. Bado angeweza kusema, Mungu akusaidie, na kwenda zake kununua maziwa.

"Una miguu ya kutembea kidogo?" alisema. "Njoo kwangu unywe chai."

Walipita Mtaa wa Wafinyanzi. Mapazia yalisogea dirisha baada ya dirisha. Apolonia alifungua mlango wa mbele, akampisha mgeni atangulie.

Tauba aliingia hatua mbili, akasimama. Mbele yake palikuwa na picha. Labda alidhani ameletwa kweli kunywa chai.

Apolonia alipita kando yake, akanyanyua fremu kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kitanda kama anavyolazwa mtoto. Chokaa aliyoipaka kabla ya Pasaka ilikuwa imeanza kumenyuka. Chini yake matofali yalikuwa mekundu, meusi kidogo pembeni.

"Mume wangu alikuwa fundi," alisema. "Alipiga lipu hapa kila mwaka. Haikushika. Tulidhani ni unyevu. Tulidhani ni kasoro ya fundi wa kwanza. Tulihangaika nayo miaka yote."

"Haikuwa kasoro," alisema Tauba.

Alikaribia. Hakugusa.

"Babu alipojenga, alimwambia fundi: ukuta unaotazamana na mlango, uniachie dhiraa moja ya mkono wangu, usipake kitu. Ni desturi yetu. Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa, basi Myahudi hajengi nyumba ikakamilika. Lazima abakishe mahali pa kukumbuka. Kila anayeingia apaone, hata siku ya harusi."

Apolonia aliketi juu ya kiti cha karibu. "Mahali pa kukumbuka," alisema. "Na sisi tunapaka chokaa."

"Mlitaka nyumba iwe nzuri."

"Usinionee huruma, dada. Sijazoea."

Tauba alivua koti. Alipandisha mkono wa sweta, akaegemeza kiwiko chake kwenye pembe ya chini ya mraba, akanyoosha vidole juu ya matofali. Dhiraa ni hiyo, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Vidole vyake havikufika. Palibaki upana wa vidole vitatu.

Akacheka ghafla, cheko la msichana. "Babu alikuwa mrefu! Baba hakuwahi kuniambia. Sina picha yake hata moja, zilichomwa zote. Sasa najua mkono wake."

Apolonia aliwaza juu ya mzee mrefu mezani, lakini hakusema. Mambo mengine mtu humwachia Mungu ayaseme.

"Na huyu?" Tauba alielekeza kidevu kitandani, kwa picha. "Amekaa hapa muda gani?"

"Miaka thelathini. Tulimweka kufunika aibu ya ukuta. Unisamehe. Sikujua kwamba..."

"Nikusamehe nini? Binti wa Kiyahudi amekaa miaka thelathini katika nyumba ya Kiyahudi, analinda nafasi ya Wayahudi. Mngetafuta mlinzi mwingine msingempata bora."

Apolonia alimtazama aone kama anamdhihaki. Hakuwa anamdhihaki. Ndipo wote wawili wakacheka mpaka kikombe kimoja kikaanguka, na katikati ya kucheka Apolonia akaona kwamba analia, na kwamba amekuwa akilia kwa muda.

Baadaye, chai ikiwa imepoa, Tauba alisema, "Sikuja kuchukua nyumba yako. Nina nyumba, na ngazi zake zinaniua. Nataka tu jiwe lisiseme uongo."

"Kura ni Alhamisi," alisema Apolonia.

"Najua."

"Nikisema, watakuja watu na kamera. Watakuja na vipimo. Sitafia tena kitanda kile."

Tauba alikunja kijitabu chake. "Hapana," alisema. "Sidhani kwamba utafia pale. Sitakudanganya."

*

Walenty alifika kesho yake asubuhi kabla ya kunywa kahawa. Mapazia yalikuwa yamefanya kazi yao. Alimkuta Apolonia ameshika patasi na nyundo ya Seweryn, anakwangua chokaa kwenye mraba. Picha ilikuwa imehamia jikoni.

"Umerukwa na akili," alisema.

"Habari za asubuhi, shemeji. Usikanyage vumbi."

"Nilizaliwa humu, mimi! Unajua watakachosema? Kwamba ukoo wa Drewnik ulikalia nyumba ya maiti. Unataka watuite wauaji?"

"Mnaitwa na nani? Mimi nakwangua ukuta tu."

"Baba hakumgusa mtu!" Walenty alipiga kelele, kisha akaitazama sakafu, akashusha sauti. "Hakumgusa mtu siku ile. Alikuwa kijana. Alisimama mtaani. Kulikuwa na joto, wenzake wakavua makoti, wakampa ashike. Ndicho alichofanya. Alishika makoti. Aliniambia mwenyewe, mwaka aliokufa. Na vuli, nyumba ilipokuwa haina mtu anayeitaka, wakampa yeye. Alisugua mbao hizi kwa magadi siku tatu."

Patasi ilisimama. Apolonia alikumbuka kwamba kanisani aliwahi kusomewa habari za mwingine aliyeshika makoti wakati wenzake wakimpiga mtu mawe hadi kufa. Miaka arobaini na tisa alizipiga deki mbao hizo kila Jumamosi, akisifu jinsi zilivyo nyeupe.

"Seweryn alijua?"

"Seweryn alijua kupiga lipu," alisema Walenty. "Na wewe, shemeji, miaka yote umelala humu kama gogo, hujawahi kuota hata paka. Leo ndiyo umeanza ndoto?"

"Kweli nililala vizuri," alisema Apolonia. "Hilo ndilo linalonitisha."

Walenty alizungusha kofia yake mikononi. Alikuwa na macho ya Seweryn, na kwa mara ya kwanza Apolonia aliona kwamba hasira ile ilikuwa woga uliovaa suruali.

"Nyamaza Alhamisi," alisema, sasa akiomba. "Nakupa chumba kwangu ukizeeka zaidi. Nitaongea na mke wangu. Nyamaza tu."

Apolonia aliinua nyundo. "Ukienda, ufunge mlango polepole," alisema. "Lipu hii ya pembeni ni ya ndugu yako. Sitaki ianguke."

*

Alhamisi alisimama ukumbini, akasema. Hakusema vizuri. Alianza na unyevu, akapitia chokaa, akapotea kwenye habari za mchanga wa mtoni hata mwenyekiti akamtaka afupishe.

"Ni nyumbani kwangu," alisema basi. "Walikufa nyumbani kwangu. Jiwe lisiwekwe pale penye magari. Nawapa chumba cha mbele."

Hakuna aliyepiga makofi. Walenty alichukua kofia yake, akatoka kabla ya kura. Azimio lilibadilishwa kwa tofauti ya kura moja, na ilikuwa kura ya yule fundi aliyekuwa akitazama viatu vyake.

Yaliyofuata yalipita kama mambo yanavyopita ndani ya ukungu. Walikuja wenye vipimo. Walikuja wenye kamera. Asubuhi moja alikuta mlango umemwagiwa rangi nyeusi. Akauosha kwa mafuta ya taa, mchana ukamwishia hapo. Duka la mikate lilimuuzia mkate bila salamu. Mke wa Walenty, bila kumwambia mumewe, alimwachia chupa ya matango ya chumvi juu ya ukuta wa bustani, kisha nyingine. Kitanda cha kando ya jiko kilibebwa na vijana wawili hadi chumba kidogo cha nyuma, kilicho na dirisha la kutazama magugu. Usiku wa kwanza mwili wake haukujua pa kuelekeza kichwa. Alilala macho, akasikiliza chumba cha mbele, kitupu, kinavyovuta pumzi.

Julai ilipofika, ilikuwa na joto, na mlindeni ulichanua. Kutoka mji mkuu walikuja Wayahudi kumi na wanne kwa basi dogo, wazee wengi, na Tauba alirudi kutoka upande wa pili wa bahari na koti lake la kijani. Kutoka Zalesko walikuja watu saba. Madirisha ya Walenty, ng'ambo ya mtaa, yalikuwa yamefungwa mbao tangu asubuhi.

Chumba cha mbele hakikuwa na meza wala kiti. Palikuwa na sakafu nyeupe, na majina kumi na moja kwenye kibao chembamba kando ya mlango, na mbele mraba wa matofali. Wageni waliingia, wakasimama. Hakuna aliyehitaji kuelezwa aangalie wapi.

Apolonia alikuwa amebaki jikoni, amevaa aproni, kana kwamba kuna chungu cha kuangalia. Hakujua nafasi yake. Mwenye nyumba huketi na wageni, lakini yeye hakuwa na hakika tena kwamba ndiye mwenye nyumba, na jambo hilo halikumuuma kama alivyodhani lingemuuma. Lilikuwa jepesi mkononi, kama ndoo iliyomwagwa maji.

Tauba alichungulia. "Umejificha nini huko, dada?"

"Hii ni sala yenu."

"Ni sala ya kumsifu Mungu tu. Haina hata neno moja juu ya kifo. Njoo."

Akaja, akasimama kizingitini, mguu mmoja jikoni. Mzee mwenye ndevu alianza kusoma kwa lugha iliyokuwa kama maji yanayopita juu ya mawe, na wote wakainamisha vichwa. Apolonia hakufahamu kitu. Alifumba macho. Aliwahisi wameinuka mezani, kumi na mmoja, wanafungua vifungo vya makoti, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kulikuwa na joto na kwa sababu sasa inawezekana. Mzee mrefu alipita karibu yake kuelekea mlangoni, akamwinamishia kichwa kidogo, kama jirani.

Sala ilisimama kidogo, na wageni wakaitikia neno moja kwa pamoja. Neno hilo alilijua. Alikuwa amelisema kila siku ya maisha yake.

"Amina," alisema Apolonia, akiwa amechelewa nyuma ya wenzake, peke yake, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Hakuna aliyegeuka.